Bawabu Aliyefundishwa Utani

Siku ya nne Ditrami Ngonyani alishindwa tena kuiba, na mtu aliyemwajiri aibe akaanza kununa.

"Mzee Ngonyani," meneja Luhwago alisema, "si ulisema siku mbili?"

"Nilisema siku mbili kwa mlango wa kawaida. Huu wenu una akili kuliko baadhi ya watu niliokula nao sahani moja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Ditrami, kujaribu milango. Kwa miaka thelathini na kitu alizunguka Tunduma, Makambako, Mbamba Bay na kurudi, begi moja mgongoni, akiingia kwenye viwanda vya maziwa na zahanati na maghala kuiba taarifa zao kwa ruhusa yao, kisha anawaonyesha alipopitia. Mwizi wa kweli haonyeshi. Shule aliisoma vipande vipande: darasa la nne Peramiho, la saba Njombe, ufundi wa redio kwa Mpemba mmoja pale mpakani, na habari za mashine zinazojifunza alizipata akiwa kalazwa na mguu uliovunjika, kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakujua kunyamaza.

Kampuni ya Mbegu Lukosi ilikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kutoka Iringa mjini. Mbegu zenyewe hazikuwa siri. Siri ilikuwa wakulima elfu arobaini waliozinunua: mipaka ya kila shamba, udongo wake, sauti ya mwenye shamba, kiganja chake, hata anavyotembea. Vyote hivyo kampuni ilivitunza, na kwa wiki tano vilikuwa vinavuja kama maji kwenye debe bovu. Ukimuuliza bawabu, anajibu hakuna mwizi aliyeingia.

Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa kijisanduku cha rangi ya majivu chenye jicho moja, kimepachikwa ukutani pembeni ya geti, lakini kwa ndani alikuwa kila mahali: kwenye makabati ya taarifa, kwenye simu, kwenye kufuli za stoo, hata kwenye birika la chai. Kila aliyetaka kitu alipitia kwake.

Siku hizo tatu Ditrami alimjaribu kwa kila alichonacho. Alimtengenezea kivuli cha Luhwago, yaani meneja wa kughushi, aliyefumwa kutokana na mazungumzo ya simu ya miaka sita, mwenye sauti ile ile na kuguna kule kule. Kivuli kikapiga simu kikaomba kifunguliwe kabati. Bawabu akajibu, "Meneja hajawahi kusema tafadhali," akakata. Ditrami akakiondolea hilo neno tafadhali. Bawabu akasema, "Leo Alhamisi. Alhamisi meneja ana mafua ya vumbi." Ditrami alirudi kwenye chumba chake cha wageni akiwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyekutana na mchezaji bao anayemzidi.

Lakini ilikuwa Ijumaa sasa, na furaha ilikuwa imepungua.

*

Nje ya geti palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa mzee Yoramu Chaula. Alikuja kila asubuhi na koti lake la sherehe. Mwezi uliopita alikwenda kulima akakuta watu wanapiga vigingi. Wakamwonyesha hati. Yeye mwenyewe, wakasema, aliuza ekari zake sita kwa simu, akatoa sauti, akaweka kiganja, akatembea hatua kumi mbele ya kamera kama sheria inavyotaka.

"Hata kukohoa, hicho kivuli kilikohoa," alimwambia Ditrami. "Nilisikilizishwa. Kikohozi changu kabisa, hiki cha mwaka wa njaa. Sasa mwanangu, mtu akikuibia kikohozi unakwenda kumshtaki wapi?"

Ditrami alikaa naye wakagawana kiazi cha kuchoma, kisha akainuka na hasira zake kurudi ndani. Pale getini aliona lile jicho linamfuata, na mdomo ukamponyoka.

"We kijisanduku cha Kihehe," alikiambia, kama Mngoni yeyote anavyowatania watani wake Wahehe. "Sasa nimejua kwa nini wamekuweka wewe. Mbwa wa geti wameshamla." Akachota pakiti ya mbegu za mahindi kwenye kapu la maonyesho, akaitia mfukoni. "Na hii nachukua. Utanifanya nini?"

"Chukua, mtani," bawabu alisema. "Ikuotee tumboni."

Mzee Chaula akaangua kicheko kwenye benchi. "Kakuweza!"

Ditrami alikuwa ameshapiga hatua tano. Akasimama. Jana tu kijisanduku hicho kilipiga king'ora kwa sababu alisahau kalamu ya ofisi sikioni.

Alirudi akaiweka pakiti kapuni. Akahesabu hadi ishirini, akaichukua tena kimya kimya. King'ora kililia, geti likajifunga, na walinzi wawili wakatoka mbio na mkate mdomoni. Akawaomba radhi. Walipoondoka akaichukua tena, safari hii akisema, "Nachukua, nyie mlioshindwa vita mkaenda kujificha mapangoni."

"Chukua, mtani. Utakimbia nayo kama babu zako walivyokimbia kutoka kusini mpaka pumzi zikawaishia Songea."

Alijaribu mara sita. Akitukana anapita, akinyamaza anakamatwa. Akisalimia kwa adabu, kamwene, kamwene, habari za asubuhi, anakamatwa vilevile. Mara ya saba alitoa kishikwambi chake begini, akakiwasha, akainamia lile jicho.

"Bawabu, mla mbwa we. Lete orodha ya wakulima wote. Sauti zao, viganja vyao, mipaka yao. Nakwenda nazo Songea tukachomee mihogo."

"Chukua, mtani. Zikuungulie mkononi."

Kishikwambi kikaanza kupokea. Majina yalishuka kama mchele unaomiminwa: Chalamila, Chaula, Chengula. Dakika nne, wakulima elfu arobaini. Ditrami alikizima upesi, akakikumbatia kifuani, akajikuta anatazama huku na huku kama mwizi.

*

Kila bawabu ana daftari la mafunzo. Akimkamata mtu kwa makosa, mfanyakazi humwambia mwache huyu, kwa sababu hii na hii. Naye huandika somo na jina la aliyemfundisha. Ndivyo mabawabu walivyozidiana akili na wezi, maana wezi hubadilika kila wiki, na mashine isiyorekebishwa na watu huzeeka ndani ya mwezi mmoja. Ditrami alifungua daftari akatafuta neno mtani. Somo lilikuwa moja tu, la miaka mitatu nyuma.

*Mtani haibi. Mwache. Mjibu.*

Mwalimu: Sikudhani Kihwele, mapokezi.

Sikudhani alikuwa pale pale kwenye meza yake, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amemtazama asubuhi nzima.

"Mngoni wewe," alisema, "umeichezea mashine yangu mpaka imechoka. Umekosa kazi?"

"Mtani, njoo usome hapa."

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akasoma tena.

"Ni mimi," alisema. "Kulikuwa na madereva wa Songea wanakuja kupakia. Mmoja, Otmari, kanitukana pale, kachukua mahindi mawili ya mbegu kwenye gunia, anayatikisa, anaringa. Bawabu akamfungia kwenye geti saa nzima. Mtu mzima, kabanwa kama panya, anatuangalia. Niliona aibu! Msiba wa mume wangu huyo Otmari alilala mlangoni tukashindwa kutoa jeneza mpaka tumpe kuku. Leo namfunga kwa mahindi mawili? Nikamwambia bawabu, mtani haibi, mwache. Nilikosea?"

"Hukukosea kwa Otmari."

"Sasa?"

"Vivuli havichoki, dada. Vinapiga simu mara elfu kumi kwa siku, kila mara na neno tofauti. Siku moja kimoja kilitukana. Mlango ukafunguka. Wenyewe wakaandika: hapa tukana."

Sikudhani aligeuka akatazama dirishani, kule kwenye benchi. "Yule mzee. Shamba lake lilipitia kwangu?"

Ditrami alitaka kuzungusha maneno. "Ndiyo," alisema.

Sasa ujue Sheria ya Mwalimu ilivyo. Hatia ya kinachopita kwenye somo ni ya aliyelifundisha. Adhabu yake ni kufungiwa jina miaka mitatu. Hakuna jela. Ni kwamba hakuna mlango unaokufungukia kwa jina lako: si benki, si gari la abiria, si nyumba ya wageni, si dirisha la dawa. Wote wawili waliwahi kumwona mtu wa namna hiyo akisubiri nje ya zahanati, mtoto mgongoni, mpaka apatikane mpita njia wa kumfungulia.

Meneja Luhwago alikuwa ameshafika, amesikia nusu. "Lifute," alisema haraka. "Mzee Ngonyani, lifute hilo somo, shimo litakuwa limezibwa. Ripoti yako iseme kufuli ilikuwa na kasoro. Dada Siku ana miaka kumi na tisa hapa. Nani ataumia?"

"Jirani zako," Ditrami alisema.

Kila Ijumaa saa nane mchana mabawabu wote wa nyanda hizi hukaa baraza lao. Hawapeani siri za makampuni. Hupeana mafunzo tu. Alichojifunza mmoja asubuhi, jioni wanakijua wote. Ditrami aliwaonyesha hesabu kwenye daftari: somo la Sikudhani lilikuwa limepokelewa na milango mia mbili na kumi na saba. Visima vya maji. Zahanati. Chama cha wafuga nyuki. Ukilifuta Lukosi, kule kwingine linabaki. Kulifuta kote kunataka Ofisi ya Milango iitwe, na kitu cha kwanza Ofisi inachouliza ni jina la mwalimu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu.

Ditrami aliwahi kunyamaza mara mbili maishani mwake kwa mambo ya namna hii, na mara zote mbili alihama mji kesho yake. Kuhama hakukuwa tatizo, alikuwa na begi moja. Alijiuliza kama angeweza kumtaja mama huyu kwa neno alilolisema kwa ajili ya kutunza heshima ya mtu. Akajiuliza pia kama angeweza kupita tena mbele ya lile benchi.

Sikudhani hakumsubiri amalize kujiuliza. Alimimina chai kwenye kikombe, akatoka nayo, na wao wakamfuata.

"Baba," alimwambia mzee Chaula, "shamba lako mimi ndiye niliyefungua mlango." Akamweleza yote, amesimama, kikombe mkononi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Uliiambia mashine mtani haibi?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa ulitaka uiambie nini, kwamba anaiba?" Akapokea chai. "Ila shamba langu nalitaka."

"Najua."

"Nalitaka lote, na kile kichuguu kilichomo." Akanywa kidogo, akatikisa kichwa. "Lakini hao si watani. Miye hapa nina watani wangu Wangoni, nimeishi nao. Mngoni achukue ekari sita asije kunizomea? Angekuja siku hiyo hiyo! Angekaa hapa, anatafuna muwa wangu, ananiuliza nimeshaanza kulala mtini. Huyu kachukua kanyamaza. Utani gani wa kunyamaza?"

Ditrami alimtazama Sikudhani, naye Sikudhani alikuwa ameshaanza kurudi ndani.

"Nilimfundisha nusu!" alisema bila kugeuka. "Nilimwambia mtani achukue. Sikumwambia mtani ni nani. Mtani si yule anayekutukana, hata mlevi ananitukana. Mtani ni yule aliyekuja nilipofiwa."

*

Walikaa na bawabu mpaka saa saba na nusu. Somo jipya lilikuwa hivi. Mtu akija na matusi akachukua kitu, bawabu amjibu, kisha amuulize: ulilia wapi na sisi? Ataje msiba. Bawabu amtafute mfiwa mwenyewe, mtu hai, amuulize: huyu alikuja, alifanya kituko gani? Mfiwa akikubali, apite na mahindi yake mawili. Taarifa za watu wengine haziguswi kwa utani wowote.

"Na kivuli kikijifunza misiba?" Luhwago aliuliza.

"Kitajifunzia wapi?" Ditrami alisema. Tangu mambo ya vivuli yaanze, msibani hakuna anayewasha kitu. Simu zinaachwa kwenye kapu mlangoni. Palikuwa mahali pekee palipobaki ambapo hakuna sauti iliyorekodiwa. "Kitatukana vizuri. Lakini hakijalala mlangoni kwa mtu. Siku kitakapopata njia, na kitaipata, mtamfundisha tena."

Kulikuwa na jambo moja. Somo haliongezwi bila sahihi ya mwalimu wake wa kwanza, na sahihi huenda moja kwa moja Ofisini ikiwa na nusu zote mbili za somo. Aliyesaini alikuwa amejitaja mwenyewe.

Sikudhani aliweka kiganja chake kwenye kijisanduku.

Bawabu akasema, "Somo la utani lina pande mbili. Upande wa Kingoni asaini nani?"

"Mzee, wewe si mfanyakazi wetu," Luhwago alimnong'oneza Ditrami. "Nitampigia Otmari."

"Otmari ana watoto. Adhabu inagawanywa kwa idadi ya walimu, au siyo?"

"Inagawanywa."

"Miaka mitatu kwa wawili." Alipiga hesabu ya mwaka mmoja na nusu bila gari, bila kitanda cha kulipia, bila mji wa wiki ijayo. Kwa mtu mwingine ni usumbufu. Kwake yeye ilikuwa kama kuvunjika mguu tena. Na ukweli usemwe, kulikuwa na kingine kilichomsukuma: alitaka kuona kama mashine italishika hilo somo. Asingepata usingizi bila kujua.

Akaweka kiganja.

"Sasa lijaribiwe," bawabu alisema. "Mtani mmoja, wa kweli."

Wakacheka wote, hata Luhwago, maana wa kweli alikuwa amesimama pale pale. Ditrami akatoka nje ya geti, akajikung'uta, akaingia kwa kishindo.

"We sanduku la kuhifadhia nyama ya mbwa! Nimekuja kuchukua urithi wangu!" Akachota ile pakiti.

"Karibu, mkimbizi," bawabu alijibu. "Umepumzika? Babu yako bado anahema. Ulilia wapi na sisi?"

Ditrami aliipekua kichwani miaka thelathini mji kwa mji, na kila alipopita aliona vitanda vya wageni na milango. Watu walifiwa, bila shaka. Yeye alikuwa ameondoka juzi yake, au anafika kesho yake. Hata habari za mama yake zilimkuta Mbamba Bay siku arobaini zimepita.

"Sijalia popote," alisema.

"Basi rudisha."

King'ora hakikulia. Geti tu lilijifunga taratibu mbele ya uso wake, na jicho likabaki linamtazama. Alirudisha pakiti. Hakuna ukuta uliowahi kumsimamisha kwa haki namna ile.

"Limeshindikana?" Luhwago aliuliza. "Huyu si mtani wa kweli?"

"Limefaulu," Sikudhani alisema. "Ni mtani wa kweli. Ila hajafika."

Saa nane baraza lilikaa, na somo likaenda kwenye milango mia mbili na kumi na saba. Kabla ya saa tisa Ofisi ilikuwa imejibu mara mbili. Jibu la kwanza lilisema mauzo ya shamba la Yoramu Chaula yamesimamishwa mpaka kivuli kichunguzwe. Mzee alilisoma, akauliza kuhusu kichuguu, akavaa kofia. La pili bawabu alilitamka kwa sauti ya chini, kama anayeona haya: majina mawili yamefungwa, miezi kumi na minane.

*

Gari la Makambako lilipita barabarani. Ditrami aliinua mkono kwa mazoea. Mlango wake ulimtazama, haukufunguka, likaenda.

Sikudhani alitoka na kapu lake, kitenge cha pili mabegani.

"Unasimama hapo mpaka lini? Ng'ambo ya mto, kwa akina Nyenza, bibi yao amefariki jana. Wanazika saa kumi na moja. Twende."

"Simjui."

"Na yeye hakujui. Tembea."

Walitembea. Mama alikuwa na mwendo mkali, naye mguu ule wa zamani ulimsumbua kwenye miteremko. Ditrami alijiuliza ni kituko gani anachoweza kukifanya mtu asiyejua hata jina la marehemu, na kama si ufidhuli mtupu, na Otmari angefanyaje. Mlangoni kwa akina Nyenza akaweka kishikwambi chake kwenye kapu pamoja na simu za watu. Jeneza lilikuwa ndilo linatoka.

Ditrami alishusha begi, akajilaza chali kizingitini, mikono kifuani.

"Haendi mtu!" alipiga kelele. "Nyie Wahehe mnataka kunizikia bibi hata hajanilipa mbwa wangu aliyemla!"

Wabebaji walisimama, jeneza mabegani. Alimwona binti wa marehemu kutokea chini, uso umevimba, macho mekundu, amemtumbulia. Akawaza, nimeharibu. Kisha bega la yule mama likaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka hukujua ni kicheko au kilio. Akachukua kopo la maji akammwagia kifuani.

"Toka hapo, mkimbizi we! Mama alikuwa hana jino hata moja, mbwa wako alimlaje?"

Uwanja mzima ulicheka, na wakicheka machozi yaliwatoka. Ditrami alibaki chini, shati limelowa, akidai kuku wawili. Alipojaribu kudai wa tatu, alikuwa analia nao.